Mhifadhi wa picha za kale huishi kwa daftari

Mwaka 1972 Makumbusho ya Sanaa ya New Orleans, Marekani, yalipewa zawadi ya picha ya rangi ya mafuta iliyochorwa yapata mwaka 1837. Walionekana watoto watatu wa Kizungu, wana wa mfanyabiashara wa mji huo aitwaye Frederick Frey, na nyuma yao mandhari ya Louisiana. Picha iliwekwa stoo, ikakaa huko zaidi ya miaka 30, hadi mwaka 2005 makumbusho yalipoipeleka mnadani na kuiuza kwa bei isiyofika dola 10,000. Baadaye ilisafishwa, na rangi ya juu ilipobanduliwa akajitokeza mtu wa nne: kijana mweusi aliyesimama nyuma ya watoto, ameegemea mti, mikono ameikunja kifuani. Karne ya 20 ilipokuwa inaanza, mtu fulani alikuwa amempaka rangi ya mandhari ili asionekane. Mwaka 2023 picha hiyohiyo ilinunuliwa na Makumbusho ya Metropolitan ya New York.

Fundi wa kusafisha picha alirudisha sura ya kijana, lakini jina lake lilitoka kwenye makaratasi. Mkusanyaji mmoja wa Louisiana aliyeipata picha baadaye alimweka mtafiti wa historia apekue hati za mauziano na kumbukumbu za ukoo wa Frey, na humo akapatikana Bélizaire. Alizaliwa mwaka 1822, akanunuliwa na Frey kama mtumwa mwaka 1828 pamoja na mama yake, Sallie. Picha ilipochorwa alikuwa na umri wa miaka 15. Mwaka 1856 aliuzwa kwa shamba la miwa la Evergreen. Kati ya wanne waliomo pichani, yeye peke yake ndiye aliyefika utu uzima. Hati zilizoeleza haya zilikuwapo Louisiana muda wote ambao picha ilikaa stoo. Hakuna aliyezifungua kwa ajili ya picha hiyo, na makumbusho yakaiuza bila kujua kijana huyo ni nani.

Ukiuliza watu mhifadhi wa sanaa ya kale ya Ulaya na Marekani hufanya nini, wengi watakueleza habari za jicho: mtu aliyeona picha nyingi kiasi kwamba akitupia moja macho anamtaja mchoraji. Wahifadhi wenyewe wameilea sifa hiyo, maana inapendeza. Lakini historia ya kazi hii inaonyesha kwamba hukumu zilizodumu ni zile zilizoegemea maandishi: picha ilitoka wapi, ilipita mikononi mwa nani, iliguswa na fundi gani. Charles Eastlake, aliyekuwa mkurugenzi wa kwanza wa National Gallery ya London kuanzia 1855, alilijua hilo. Kila mwaka alisafiri Italia kutafuta picha, na katika madaftari yake aliandika hali ya kila aliyoiona, pamoja na sehemu zilizokwaruzwa na zilizopakwa upya. Hadi leo madaftari hayo husomwa na watafiti.

Ili kuona jicho peke yake linaweza kufika wapi, tuangalie Uholanzi. Mwaka 1937 Abraham Bredius, mkurugenzi wa zamani wa makumbusho ya Mauritshuis na mmoja wa wajuzi walioheshimiwa kuliko wote wa sanaa ya Kiholanzi, alionyeshwa picha ya Yesu akiwa mezani na wanafunzi wa Emau. Alikuwa na umri wa miaka zaidi ya 80. Aliitazama, akaandika katika jarida la Burlington kwamba ni kazi ya Johannes Vermeer, tena bora kuliko zote. Ikanunuliwa kwa zaidi ya gilda 500,000 na kuwekwa katika makumbusho ya Boijmans, Rotterdam. Mchoraji wake halisi alikuwa Han van Meegeren, aliyekuwa hai wakati huo. Alikuwa ametumia turubai ya zamani, rangi alizozichanganya na kemikali za plastiki, na joko la kuikausha ili rangi iwe ngumu kama ya miaka 300. Ustadi huo husimuliwa sana. Mimi naona jambo kubwa zaidi ni hadithi iliyoandamana na picha: ati imetoka kwa familia moja ya Italia isiyotaka kutajwa, kwa kuogopa serikali ya Mussolini. Yaani picha iliyodaiwa kuwa na karne tatu haikuwa na hati ya mauzo wala ya mirathi iliyoitaja, na bado wakubwa wa fani walitoa fedha. Uongo ulifichuka baada ya Vita vya Pili vya Dunia tu, van Meegeren alipokamatwa mwaka 1945 kwa kosa la kumuuzia kiongozi wa Nazi, Hermann Göring, “Vermeer” nyingine, akaona heri akiri kwamba ameichora mwenyewe.

Mtetezi wa jicho atajibu kwamba bila jicho kusingekuwa na makumbusho. Ana haki kiasi. Wilhelm von Bode aliijenga hazina ya makumbusho ya Berlin kwa kutambua vitu ambavyo wengine walivipita, na nyaraka za karne ya 15 au 16 aghalabu zimepotea. Lakini ni Bode huyohuyo aliyenunua mwaka 1909 sanamu ya nta ya Flora akiitangaza kuwa ya Leonardo da Vinci. Mwana wa Richard Cockle Lucas, mchongaji wa Kiingereza, alijitokeza akasema sanamu ile ni kazi ya baba yake, na ndani yake vikakutwa vitambaa vya karne ya 19. Bode hakukubali. Mwaka 2021 vipimo vya kaboni vilithibitisha kuwa nta ile ni ya karne ya 19. Jicho, basi, ni zuri kwa kuanzisha swali. Balaa huja linapopewa mamlaka ya kulifunga.

Upande wa pili yupo Rose Valland, ambaye kwa maoni yangu alistahili sanamu yake mwenyewe. Alifanya kazi katika makumbusho ya Jeu de Paume, Paris, kwa miaka mingi bila mshahara. Wajerumani walipoligeuza jengo hilo kuwa kituo cha kukusanyia sanaa iliyoporwa kwa Wayahudi, yeye alibaki kazini tangu 1940 hadi 1944. Alikuwa mwanamke mkimya, aliyevaa miwani, na hao mabwana hawakujua kwamba anafahamu Kijerumani. Aliwasikiliza, akasoma orodha zao za usafirishaji, na usiku akaandika kila kitu: picha ya nani, imetoka nyumba ipi, imepakiwa kreti gani, inapelekwa wapi. Angegunduliwa angepigwa risasi. Vita ilipoelekea ukingoni alimkabidhi taarifa hizo James Rorimer, mhifadhi wa Metropolitan aliyekuwa ofisa wa jeshi la Marekani, naye akaelekea hadi kasri la Neuschwanstein, Bavaria, zilikofichwa mali nyingi pamoja na mafaili ya waporaji. Takriban vitu 60,000 vilirudi Ufaransa, na kama 45,000 vilirejeshwa kwa wenyewe. Cheo rasmi cha mhifadhi Valland alikipata mwaka 1952.

Pingamizi lililo zito zaidi ni kwamba karatasi nazo hudanganya. Kuanzia miaka ya 1980 Mwingereza John Drewe aliuza picha bandia zilizochorwa na John Myatt, na ili zipate nasaba alipenyeza nyaraka za kughushi katika hifadhi za kumbukumbu za makumbusho ya Tate na ya Victoria na Albert, London. Tate walimpokea vizuri. Alikuwa amewachangia fedha. Kesi hii huletwa kama ushahidi kwamba daftari si salama kuliko jicho. Ukiichunguza, inasema kinyume. Drewe alihangaika na nyaraka kwa sababu alijua ndizo zinazouza picha, na miongoni mwa waliomtilia shaka walikuwa watunzaji wa kumbukumbu za msanii Alberto Giacometti, Paris, waliolinganisha makaratasi yake na ya kwao wakaona hayaoani. Alihukumiwa mwaka 1999. Hati ya uongo inaweza kupimwa kwa hati nyingine. Hisia ya mjuzi huwezi kuipima kwa chochote.

Msomaji wa pwani ya Kenya anaijua nguvu hiyo ya kumbukumbu kwa njia nyingine. Mwaka 1985 mtafiti mmoja wa Marekani alimpiga picha mzee wa Kimijikenda akiwa na vigango viwili, yaani nguzo za mbao za kuwakumbuka wafu, ambavyo muda mfupi baadaye viliibwa. Vilipoonekana katika makumbusho mawili ya Marekani, picha ile ndiyo iliyothibitisha kuwa ni vyenyewe, na mwaka 2007 vikarudishwa.

Kosa la New Orleans, basi, siliiti bahati mbaya. Makumbusho makubwa hutumia fedha nyingi kununua na kufungua maonyesho, kwa kuwa hayo ndiyo yanayoandikwa magazetini, huku mafaili ya stoo yakimsubiri mtu mmoja aliyezidiwa na kazi. Tangu mkutano wa Washington wa mwaka 1998, nchi 44 zilipokubaliana juu ya misingi ya kushughulikia sanaa iliyoporwa na Wanazi, makumbusho mengi yameanza kuweka historia ya umiliki wa picha kwenye tovuti zao. Atakayetembelea mojawapo, hata kwa simu, asiishie kwenye jina la mchoraji. Asome orodha ya wamiliki, na akikuta pengo kati ya 1933 na 1945, aandike barua kuuliza.