Sherlock, Bwana Msa na mzimu wa Gede

Nimekuwa kimya majuma mawili hivi, kazi ilinibana. Leo siandiki juu ya Linux wala simu mpya. Ni historia kidogo, lakini msikimbie, kompyuta zitaingia tu.

Juma lililopita nilikwama na hitilafu kwenye programu ninayoiandika. Siku mbili naitafuta, siioni. Nikafunga kazi, nikatazama tena Sherlock, ule mfululizo wa BBC ulioanza tarehe 25 Julai 2010, Benedict Cumberbatch akiwa Sherlock Holmes na Martin Freeman akiwa Daktari Watson. Sehemu 13 kwa jumla, ya mwisho ikatoka mwaka 2017. Waliouanzisha, Steven Moffat na Mark Gatiss, walichukua hadithi za Arthur Conan Doyle za karne ya 19 wakazileta kwenye London ya simu za mkononi na intaneti.

Nilitaka kupumzika, lakini kichwa kikaanza kuchambua kazi yao jinsi ninavyochambua programu ya mtu mwingine. Hebu tazameni mifano miwili.

Katika The Sign of Four ya mwaka 1890, Watson anampa Holmes saa ya mfukoni. Holmes anaona mikwaruzo kuzunguka tundu la kutilia saa ufunguo, anasema aliyekuwa nayo alikuwa mlevi, mkono ukitetemeka kila usiku. Mwaka 2010 saa imekuwa simu, na mikwaruzo iko kwenye tundu la chaji. Hoja ni ileile, kifaa ndicho kilichobadilika.

Mfano wa pili ni mtamu zaidi. Katika A Study in Scarlet ya mwaka 1887, neno RACHE limeandikwa ukutani kwa damu. Inspekta Lestrade anadhani mtu alitaka kuandika jina Rachel akakatizwa. Holmes anamsahihisha: hilo ni neno la Kijerumani, maana yake kisasi. Kwenye runinga wameligeuza. Mtaalamu wa polisi ndiye anayesema ni Kijerumani, na Sherlock anamkatiza: ni Rachel! Na hilo Rachel likaja kuwa neno la siri la akaunti ya marehemu, ile inayoonyesha simu yake iko wapi. Msomaji wa kitabu aliyedhani anajua jibu anabaki mdomo wazi.

Sisi waandishi wa programu tunaijua kazi hii. Unapewa programu iliyoandikwa kwa mashine ya zamani, unaambiwa iende kwenye mashine mpya. Ukinakili mstari kwa mstari, haifanyi kazi. Ni lazima uulize kila mstari ulikuwa unafanya nini pale ulipokuwa, kisha utafute ni kitu gani kinachofanya kazi hiyo huku unakokwenda. Mara chache unabahatika: Watson wa Doyle alijeruhiwa vitani Afghanistan, na Watson wa 2010 pia alijeruhiwa Afghanistan. Hapo hawakuhitaji kubadilisha kitu.

Sasa niwaambie jambo ambalo watu wengi wa Pwani wamelisahau. Kazi hii ya kumhamisha Holmes ilifanywa kwa Kiswahili nusu karne kabla ya BBC. Aliyeifanya ni Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918. Mswada wake wa Mzimu wa Watu wa Kale ulishinda shindano la hadithi la East African Literature Bureau la mwaka 1957 na 1958, na kitabu kikatoka mwaka 1960. Humo ndimo alimozaliwa Bwana Msa: mpelelezi mwenye kiko mdomoni, na rafiki yake Najum ubavuni kama Watson. Vikafuata vingine, miongoni mwavyo Kisima cha Giningi (1968), Duniani Kuna Watu (1973) na Siri ya Sifuri (1974). Nadhani wazazi wa wengi wenu walivisoma shuleni.

Kuna jambo linalowaunganisha waandishi hao wawili. Doyle alikuwa daktari, na Holmes alimwiga mwalimu wake wa Edinburgh, Daktari Joseph Bell, aliyekuwa akimtazama mgonjwa tu na kumtajia kazi yake. Abdulla, kabla ya kuwa mhariri wa gazeti la Zanzibari mwaka 1948, alikuwa mkaguzi wa afya. Bwana afya! Mtu wa kuingia nyumba za watu, kutazama mtungi, choo na jaa, na kuuliza ugonjwa umeanzia wapi. Wote wawili walifundishwa kuanza na kile wanachokiona.

Lakini Abdulla hakunakili. Angenakili, tungepata Mzungu mwenye kofia akitembea Unguja. Yeye aliuliza: watu wa huku wanaogopa nini? Jibu lake liko kwenye jina la kitabu. Tajiri, Bwana Ali, ameuawa, na maiti yake imeonekana mahali ambapo watu wanapaogopa, kwenye mzimu. Mahali kama hapo maswali hukoma. Mtu akifia mzimuni, nani atathubutu kusema ni binadamu aliyemwua? Bwana Msa anathubutu. Sitawaharibia utamu kwa kumtaja mwuaji, kitafuteni kitabu.

Sisi wa Malindi na Kilifi hatuna haja ya kuelezwa mahali kama hapo. Tuna Gede. Mji wa mawe ndani ya msitu karibu na Watamu, wenye msikiti mkubwa, kasri, na kaburi lenye tarehe ya mwaka wa Hijria 802, yaani 1399. Mji ukahamwa katika karne ya 17, msitu ukaumeza, na watu wa karibu wakasema una wenyewe, mizimu inayoulinda. Mwaka 1948 James Kirkman akaanza kuuchimbua. Naye alifanya kazi ya Bwana Msa: vipande vya vyungu vya China vilimwonyesha biashara ilifika wapi, na kisima kando ya msikiti mkubwa, kilichoongezwa kina, kilimwonyesha kwamba maji yalikuwa yakikimbia chini. Watu hawachimbi kisima upya kwa kufukuzwa na mizimu. Huchimba kwa sababu wana kiu. Ukame, mashambulizi ya majirani, vita vya Wareno, wanahistoria bado wanabishana juu ya kipi kilizidi, lakini wanabishania ushahidi. Mwaka 2024 UNESCO iliutia Gede kwenye orodha ya urithi wa dunia.

Sasa rudini London kidogo. Hadithi maarufu kuliko zote za Holmes ni The Hound of the Baskervilles, iliyotoka gazetini mwaka 1901 na 1902. Ukoo umelaaniwa, mbwa wa kishetani anawaua warithi mmoja mmoja. Mwishowe (mniwie radhi, hadithi ina zaidi ya miaka 120) mbwa ni mbwa wa kawaida aliyepakwa dawa ya kung'aa, na nyuma yake yuko ndugu wa ukoo anayetaka shamba na mali. Mwaka 2012 Moffat na Gatiss waliileta upya. Wakajua Mwingereza wa leo haogopi tena laana ya ukoo, bali anaogopa kile serikali inachokificha. Kwa hiyo wakaweka pale kituo cha siri cha utafiti cha jeshi.

Laana mwaka 1902, mzimu mwaka 1960, maabara mwaka 2012. Kila mmoja alichukua hofu ya watu wake akaiweka mlangoni, kisha akamtuma mtu mmoja auingie mlango huo na maswali.

Hapa nina ugomvi na BBC. Kadiri mfululizo ulivyosonga mbele, Sherlock alizidi kuwa mganga. Anakutazama, maneno yanaruka kwenye kioo, tayari ameshajua kila kitu, nawe mtazamaji hukupewa nafasi ya kuhesabu naye. Zile sehemu za 2017 zina ugomvi mwingi wa kifamilia na dalili chache ambazo mimi na wewe tungeweza kuzifuata. Bwana Msa siyo hivyo. Anakaa, anawasha kiko, anaeleza hatua moja baada ya nyingine kama mzee wa barazani, na ukirudi nyuma kurasa 50 unaiona dalili pale ilipokuwa imelala. Kwa lugha yetu, Bwana Msa ni programu huria: matokeo unapewa, na maandishi yaliyoyaleta unapewa pia, uyakague. Mganga ni programu iliyofungwa. Anakupa jina tu.

Na kupewa jina tu si mchezo hapa kwetu. Mnajua ninachokisema. Kwa miaka mingi katika kaunti hii wazee wetu wameuawa kwa kusingiziwa uchawi. Mvi zimekuwa ushahidi. Huko Ganze kuna Kaya Godoma, ambako wazee waliotishiwa na watu wao wenyewe wamekwenda kutafuta hifadhi. Na mara kwa mara, viongozi na polisi wanapofuatilia, wanakuta chini ya neno uchawi kuna shamba. Baba ana ekari, vijana wanataka kuuza, mtoto anaugua nyumba ya jirani, na jina linatajwa usiku.

Huo ni mbwa wa Baskerville uleule, jamani! Laana mbele, urithi nyuma. Doyle aliliona mwaka 1902. Maswali ya Bwana Msa ndiyo yanayohitajika siku hiyo, kabla ya panga: nani aliyesema kwanza? Ameona nini kwa macho yake? Hati ya shamba iko kwa nani, na mzee akifa itakwenda wapi?

Ndiyo maana ningependa Bwana Msa apelekwe kwenye runinga, tena apigwe picha huku kwetu. Runinga ya Kenya imetupa Vioja Mahakamani na Inspekta Mwala, tumecheka vya kutosha, na kicheko ni kizuri. Sasa tupewe mtu wa kutuonyesha hesabu. Asivae kanzu ya 1960 akazungumza kama makumbusho. Awe na simu, asome ujumbe wa M-Pesa jinsi Holmes alivyosoma saa ya Watson, apande tuktuk hadi mwisho wa lami, aketi na wazee. Msanii anayetaka kuifanya akumbuke haki: Abdulla alifariki mwaka 1991, na sheria ya Kenya inalinda kazi ya mwandishi miaka 50 baada ya mwaka wa kifo chake, yaani hadi mwisho wa 2041. Wenye haki waombwe na walipwe. Holmes mwenyewe ni wa wote sasa, hata Marekani, tangu tarehe 1 Januari 2023.

Na ile hitilafu yangu? Siku mbili nilikuwa nimeilaumu maktaba ya programu iliyoandikwa na mtu mwingine, bila kuifungua. Baada ya Sherlock nikafungua kumbukumbu za mfumo, nikazisoma kutoka mstari wa kwanza. Kosa lilikuwa kwenye mistari yangu mwenyewe. Nilikuwa nimeshataja mchawi kabla ya kutazama.

Haya, tuonane juma lijalo. Nitarudi kwenye Linux, naahidi.