Majira ya Cheche

Isikizya na Tabora ni nchi ya njia kuu ya misafara ya karne ya 19, iliyounganisha Bagamoyo na Ujiji. Reli ilifika Tabora mwaka 1912. Zama za motokaa nazo zikaja na maneno yake: plagi, pointi, taimingi. Hayo hatuna ugomvi nayo.

Ugomvi wetu ni na tafsiri ya neno kwa neno, "wakati wa kuwasha", impotoshayo fundi, kwani kuwasha injini ni kuianzisha tu. Linalokusudiwa ni wakati cheche itokapo kwenye plagi, kwa kawaida kabla kidogo ya pistoni kufika kileleni. Cheche ikiwahi mno, injini hugonga, hasa mlimani. Ikichelewa, hukosa nguvu na kupata joto mno. Katika injini za zamani fundi hulegeza distribyuta, akaizungusha kidogo kinyume cha mzunguko wa rota ili kuwahisha cheche, au kuufuata ili kuichelewesha.

Twapendekeza, basi, "majira ya cheche", pamoja na vitenzi hivyo viwili. Wako watakaopenda "kutanguliza". Lakini kirangozi wa msafara alitangulia kwa nafasi yake njiani, si kwa saa.