Dia na Fidia: Historia ya Kuthamini Jeraha, kutoka Zizini hadi Barabara ya Juba–Nimule

1.0 Utangulizi

Kiswahili kina maneno mawili ambayo mara nyingi huchanganywa: dia, yaani malipo wanayopewa jamaa wa mtu aliyeuawa, na fidia, yaani malipo kwa hasara au madhara ya aina yoyote. Makala haya yanaitumia tofauti hiyo kueleza tatizo linalojitokeza mjini Juba pale gari linapomgonga mtu. Hoja kuu ni kwamba taratibu zilizorithiwa zilikuzwa zaidi kwa ajili ya kifo na ukoo; majeruhi anayebaki hai ndiye aliyeachiwa kinga hafifu.

2.0 Bei ya kiungo

Evans-Pritchard (1940) aliandika viwango alivyotajiwa na Wanuer: ng'ombe 10 kwa mguu au fuvu lililovunjika, 10 kwa jicho lililopotea, na 2 kwa meno ya msichana yaliyovunjwa. Jeraha la nyama, hata liwe kubwa kiasi gani, halikulipiwa isipokuwa mtu afe. Jedwali la namna hii si jambo la kale tu. Sheria ya Mafao ya Ajali Kazini ya Kenya ya mwaka 2007 nayo ina jedwali la viungo, kila kimoja na asilimia yake. Tofauti ni kwamba asilimia hiyo hufungamanishwa na kipato cha mfanyakazi mwenyewe, ilhali ng'ombe wa Wanuer walipimwa kwa mizani ya uhusiano wa koo.

Mizani hiyo huonekana wazi katika dia. Ng'ombe 40 hadi 50 waliotajwa kwa kifo walikusudiwa, pamoja na mengine, kumwezesha jamaa kuoa mke kwa jina la marehemu ili jina lisipotee. Aliyejeruhiwa hakuhitaji kuolewa mke wa namna hiyo, kwa kuwa yungali hai. Hata hivyo, desturi haikumsahau kabisa. Mkuki uliojeruhi ulipelekwa kwa jamaa zake wautie dawa ili jeraha lisiue. Na akifa baadaye kwa jeraha la zamani, dia ililipwa, ingawa kwa kiwango pungufu. Katika hali zote mbili, swali lililoongoza lilikuwa: je, atakufa?

3.0 Kutoka desturi hadi maandishi

Utawala wa Kiingereza uliziingiza mahakama za machifu katika mfumo wa dola kwa sheria ya mwaka 1931, na Howell (1954) akakusanya sheria za Wanuer katika kitabu kimoja. Kwa upande wa Wadinka, mkutano wa Wanh Alel wa mwaka 1975 ulifuatiwa na sheria ya desturi ya Bahr el Ghazal ya mwaka 1984, na apuk, yaani dia ya Kidinka, ikafahamika kuwa ng'ombe 31. Sheria ya Adhabu ya mwaka 2008 nayo iliwaruhusu jamaa wa karibu wa aliyeuawa kuchagua dia ya kimila badala ya adhabu ya kifo. Hivyo idadi inayohusu kifo ndiyo iliyoimarika na kujulikana na wengi.

4.0 Juba: gari, ukoo na sarafu

Juba ni mji katika nchi ya Wabari, lakini baada ya mkataba wa amani wa mwaka 2005 umepokea watu wa kila jamii. Barabara ya lami ya kwenda Nimule, yenye urefu wa kilomita 192, ilikamilika mwaka 2012 na kuongeza kasi ya magari pamoja na idadi ya madereva wageni. Mambo matatu yanafuata.

Kwanza, dia hudai ukoo wa kulipa na ukoo wa kupokea. Dereva wa lori aliyetoka Kampala au Mombasa hana ukoo Juba. Nyuma yake kuna mwajiri tu.

Pili, ng'ombe mjini hugeuzwa fedha. Pauni ya Sudan Kusini, iliyoanza kutumika mwaka 2011, ilikuwa karibu 3 kwa dola moja kwa bei rasmi hadi Desemba 2015, ilipoachiwa soko na kuporomoka hadi zaidi ya 18 kwa siku moja. Hukumu iliyotaja pauni ilibaki na tarakimu zilezile huku thamani ikiyeyuka; hukumu iliyotaja ng'ombe ilihifadhi thamani yake vyema zaidi.

Tatu, mguu uliovunjwa na gari huweza kudai upasuaji wa pili na miezi bila kazi. Kiwango kinachotolewa mara moja, kiwe cha ng'ombe au cha fedha, hakioni gharama ambazo bado hazijafika.

5.0 Hitimisho

Tangu Sudan Kusini ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, haja ya kutafsiri dhana zake za kisheria kwa Kiswahili imeongezeka. Inapendekezwa kwamba apuk na istilahi za jamii nyingine zinazolingana nayo zitafsiriwe kwa neno dia, na fidia litengewe haki ya majeruhi mwenyewe: matibabu ya sasa na ya baadaye, kipato kilichopotea, maumivu na ulemavu. Neno moja likitumika kwa yote mawili, ni rahisi kudhani kwamba koo zikishapatana, aliyevunjika mguu naye ameshalipwa.