Retinoidi: dawa ya chunusi yenye deni gerezani

Mwaka 1971 Marekani iliidhinisha Retin-A, krimu ya chunusi iliyotengenezwa kwa tretinoini, asidi itokanayo na vitamini A. Leo madaktari wa ngozi kila pembe ya dunia huandikia wagonjwa dawa za jamii hiyo, yaani retinoidi, na retinoli, iliyo hafifu zaidi, imejaa kwenye maduka ya vipodozi.

Safari ya dawa hizi ilianzia kwa panya. Mwaka 1913 Elmer McCollum na Marguerite Davis, huko Wisconsin, waligundua kuwa panya walionyimwa mafuta ya siagi na kiini cha yai walidumaa. Kilichokosekana ndicho baadaye kikaitwa vitamini A. Paul Karrer alibainisha umbo lake la kikemia mwaka 1931, na mwaka 1937 akapata Tuzo ya Nobel.

Mapema miaka ya 1960 madaktari wa Ujerumani walijaribu kupaka tretinoini, asidi ya vitamini hiyo, kwenye ngozi. Ilifanya kazi, lakini iliwasha na kubabua. Daktari Albert Kligman wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania hakukata tamaa. Mwaka 1969, yeye na wenzake James Fulton na Gerd Plewig walichapisha matokeo yaliyoonyesha kuwa dawa hiyo huzibua vinyweleo vilivyoziba na kuharakisha ngozi kujivua seli zake kuukuu.

Ujuzi huo ulikuwa na gharama, na waliolipa ni wafungwa. Tangu 1951 hadi 1974, Kligman aliendesha majaribio katika gereza la Holmesburg, Philadelphia. Wengi wa waliotumiwa walikuwa watu weusi, na wapo waliokuwa mahabusu tu, wakisubiri kesi kwa kukosa pesa za dhamana. Migongo yao iligawanywa kwa plasta katika miraba, kila mraba ukapakwa kitu chake. Walilipwa ujira mdogo bila kuelezwa kikamilifu walichokuwa wakipakwa. Mbali na dawa za ngozi na vipodozi, baadhi yao walipakwa hata sumu ya dioksini.

Biashara ya dawa hiyo ilistawi. Wagonjwa wa chunusi waliona makunyanzi yakipungua, na utafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan wa mwaka 1988 ukathibitisha kuwa tretinoini husaidia ngozi iliyochakazwa na jua. Isotretinoini, vidonge vya chunusi sugu, iliidhinishwa mwaka 1982, na muda si mrefu ikabainika kuwa huleta ulemavu mkubwa kwa mtoto aliye tumboni.

Wafungwa wa zamani walifungua kesi mwaka 2000, ikatupwa kwa kuwa muda wa kushtaki ulikuwa umepita. Kitivo cha udaktari cha Pennsylvania kiliomba radhi mwaka 2021, Jiji la Philadelphia mwaka 2022.

Mwenye kuitumia krimu ya tretinoini apake kiasi cha punje ya njegere usiku, na mchana ajikinge na jua. Mjamzito, au anayetarajia kupata mimba, asiiguse kabla ya kumwona daktari. Dawa hii ni njema na imewafaa mamilioni. Lakini radhi bila fidia haitoshi: waliovuna faida wawalipe wazee wa Holmesburg ambao wangali hai, na familia za waliotangulia mbele ya haki.