Prolaktini: homoni ya maziwa na kipimo chake cha damu



Katika makanisa yetu ya Kamanyola na bonde la Ruzizi, wanandoa wanaokawia kupata mtoto hutujia sisi wachungaji ili tuwaombee. Tunaomba nao. Lakini mara nyingi mama amekwisha kuhukumiwa na ukoo: ati amelogwa, au alitenda dhambi. Kwa hiyo tunaeleza hapa homoni moja inayoweza kuzuia mimba bila kosa la mtu.

Prolaktini ni nini?

Hutoka katika pituitari, tezi ndogo kama punje ya harage iliyo chini ya ubongo. Kazi yake kubwa ni kutengeneza maziwa ya mama. Mama akinyonyesha, inapanda, na mara nyingi hedhi inasimama. Hiyo ni kawaida. Wanaume pia wanayo, kwa kiasi kidogo.

Ikipanda kwa mama asiye na mimba na asiyenyonyesha, yai halikomai, hedhi inachelewa au kukatika, na maziwa yanaweza kutoka bila mtoto. Maziwa hayo si ishara ya uchawi. Kwa mwanaume, hamu ya tendo la ndoa na mbegu hupungua.

Inapanda kwa nini?

Sababu ni nyingi: dawa fulani za kuzuia kutapika au za magonjwa ya akili, ugonjwa wa figo, au uvimbe wa pituitari, ambao kwa kawaida si kansa. Usiache dawa bila daktari. Tezi ya shingo ikifanya kazi polepole, prolaktini hupanda pia. Kisiwani Idjwi, katika Ziwa Kivu, rovu lilijulikana sana kwa sababu ya ukosefu wa iodini. Kwa hiyo mama mwenye rovu amwambie daktari.

Kipimo

Kwanza mama apimwe mimba. Kisha damu huchukuliwa mkononi asubuhi, masaa mawili au matatu baada ya kuamka. Pumzika kwanza, maana hofu na mwendo wa haraka huipandisha. Labo nyingi huona chini ya nanogramu 25 kwa mililita kuwa kawaida kwa mama asiye na mimba. Fuata mpaka ulioandikwa kwenye karatasi yako. Ikipita kidogo, kipimo kirudiwe. Si kila kituo cha afya kinafanya kipimo hiki: uliza kabla ya kulipa safari ya kupanda Bukavu au kushuka Uvira.

Dawa zipo, kama kabergolini na bromokriptini, na kwa wengi hedhi hurudi. Lakini maumivu ya kichwa pamoja na macho kufifia ni jambo la haraka: nenda hospitali.

Wajibu wa kanisa

Prolaktini ni sababu moja tu. Mirija inaweza kuziba kwa maambukizo, na mbegu za mume zinaweza kupungua. Basi mume naye apimwe. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2023 kwamba mtu 1 kati ya 6 hukutana na ugumba maishani.

Panzi, hospitali ya CEPAC iliyofunguliwa Bukavu mwaka 1999, inatukumbusha kwamba maombi na dawa vinaenda pamoja. Kuhani Eli alimdhania Hana kuwa amelewa, alipomsikiliza, alimbariki. Wazee wa kanisa, tuanze na kusikiliza. Na mama asifukuzwe nyumbani kwa jambo ambalo hata halijapimwa.