Kamera ya joto katika kompyuta zilizoovaklokiwa

Kamera ya joto ni kifaa kinachopokea mionzi ya infraredi inayotoka kwenye uso wa kitu na kuigeuza kuwa picha ya rangi, ambapo kila rangi inasimamia kiwango fulani cha joto. Mionzi yenyewe iligunduliwa na William Herschel huko Uingereza mwaka 1800. Kwa wanaoovakloki, yaani wanaoendesha kichakataji au kadi ya michoro kwa masafa ya juu kuliko yale yaliyopangwa na mtengenezaji, kamera hii hutumika kutafuta madoa ya joto: sehemu ndogo za saketi zinazochemka kupita zilizo jirani.

Chanzo cha madoa hayo ni hesabu ya umeme. Nguvu inayoliwa na transista zinapowaka na kuzima hupanda sawia na masafa, lakini hupanda kwa mraba wa volteji. Kichakataji kikitolewa gigahezi 4 hadi 4.8, masafa pekee yanaongeza asilimia 20. Ili kisiyumbe, mtumiaji hupandisha volteji, tuseme kutoka 1.2 hadi 1.4, na hapo huongezeka asilimia 36 nyingine. Kwa pamoja ongezeko ni kama asilimia 63. Kuna pia umeme unaovuja ndani ya transista, nao huzidi kadiri joto linavyopanda, kwa hiyo joto huzaa joto.

Kichakataji chenyewe, hata hivyo, ndicho kinachohitaji kamera kidogo zaidi. Kimefunikwa na kipozajoto, kina sensa zake ndani, na vichakataji vingi vya Intel vya kompyuta za mezani hujipunguzia kasi vinapofika nyuzi 100 za Selsiasi. Pa kutazama ni kwenye saketi inayoshusha volti 12 za pawasaplai hadi volti moja na ushei. Kichakataji kinachokula wati 200 kwa volti 1.3 huvuta zaidi ya amperi 150 kupitia hapo, na ufanisi ukiwa asilimia 90, zaidi ya wati 20 hupotea kuwa joto katika vipande vichache vidogo. Mara nyingi saketi hiyo ina sensa moja tu, au haina kabisa. Mafundi hupiga picha pia upande wa nyuma wa bodi mama, ambako joto la transista za saketi hiyo hupenya bila kuzuiwa na kipozajoto.

Mwaka 2016 wapimaji wa tovuti ya Tom's Hardware nchini Ujerumani walionyesha kwa picha za infraredi kwamba saketi ya umeme ya baadhi ya kadi za EVGA GeForce GTX 1080 ilipita nyuzi 100 chini ya mzigo mzito. EVGA iliwapa wateja pedi za kupitisha joto na programu ya kuongeza kasi ya feni. Tukio la Februari 2025 linafundisha zaidi. Roman Hartung, Mjerumani anayejulikana kwa jina la der8auer, alielekeza kamera kwenye kebo ya kadi ya GeForce RTX 5090. Kadi hiyo hula hadi wati 575, na nyaya 6 za volti 12 zikigawana mzigo kwa haki, kila moja hubeba kama amperi 8. Alikuta waya uliobeba zaidi ya amperi 20, na plagi ya upande wa pawasaplai ikikaribia nyuzi 150. Ndani ya plagi hakuna sensa ya joto, na programu ya kompyuta isingetoa onyo lolote.

Picha hizi nzuri hudanganya kwa urahisi, na kinachodanganya zaidi ni chuma kinachong'aa. Bodi iliyopakwa rangi, plastiki na alumini iliyotiwa anodi hutoa mionzi karibu yote inayolingana na joto lake. Alumini au shaba iliyosuguliwa hutoa sehemu ndogo mno na kuakisi vitu vilivyoizunguka, ukiwemo uso wa fundi. Kipozajoto cha nyuzi 80 kinaweza kuonekana kana kwamba kina joto la chumba. Dawa yake ni ya bei poa: kipande cha tepu nyeusi ya umeme kikibandikwa juu ya chuma hupata joto lile lile na kusomeka vizuri, ilimradi kisiguse feni.

Kioo cha keisi nacho huziba kabisa mionzi ya mikromita 8 hadi 14 ambayo kamera hizi huitegemea. Ndiyo maana lenzi za kamera nyingi za joto ni za jerimani, si za kioo. Kufungua keisi hubadilisha mzunguko wa hewa, kwa hiyo vipimo viwili hulinganishwa tu vikichukuliwa katika hali moja: chumba kile kile, mzigo ule ule wa programu ya majaribio kama Prime95 au FurMark, na baada ya vipozajoto kuacha kupanda joto.

Bei zilianza kushuka mwaka 2014, FLIR na Seek Thermal zilipotoa kamera za kuunganishwa na simu. Sensa ya FLIR One ya kwanza ilikuwa na pikseli 80 kwa 60. Kwa mbali, pikseli moja huchanganya transista ya milimita chache na bodi iliyoizunguka, na usomaji huwa chini ya ukweli. Inafaa kusogea karibu hadi pale lenzi inapoanza kupoteza ulengaji.

Kuona ndani ya kichakataji chenyewe ni kazi ya maabara. Silikoni hupitisha sehemu ya mionzi ya infraredi, kwa hiyo watafiti huondoa kifuniko na kipozajoto, kisha hupitisha juu ya silikoni mafuta yasiyozuia mionzi ili silikoni isiungue. Kamera zenye sensa iliyopozwa huonyesha hapo ni kitengo gani cha kichakataji kinachochemka wakati wa hesabu fulani. Kwa kuwa mafuta hutawanya joto tofauti na shaba, ramani hiyo hurekebishwa kwa hesabu kabla ya kulinganishwa na kompyuta yenye kipozajoto cha kawaida.