Kasha, Si Picha
Filamu iliyorushwa kutoka kompyuta ilipogoma kucheza kwenye PlayStation 3, wengi walilaumu udhaifu wa mashine. Lawama hiyo haisimami. Mashine hiyo, iliyotoka 2006, ilicheza diski za Blu-ray zenye video ya H.264, lakini video ya aina hiyohiyo ikifungwa ndani ya faili la MKV, iliikataa. Kilichokataliwa ni kasha, yaani muundo wa faili unaobeba video, si video yenyewe. Kweli, Wi-Fi hafifu ilikwamisha filamu nzito, lakini kukwamakwama si kukataliwa. Ni kwa sababu ya kasha hilo PS3 Media Server, programu ya bure ya kurusha filamu kutoka kompyuta, ilitumia zana za FFmpeg na MEncoder kuligeuza faili papo hapo likiwa njiani. Sony yenyewe, mtengenezaji wa mashine hiyo, iliongeza uwezo wa kucheza video za DivX Desemba 2007. MKV haikuipokea kamwe kwenye mashine hiyo.